Kukata Ini: Historia ya Upasuaji wa Ini na ya Saratani Yake

Waswahili husema kwamba neno chungu humkata mtu maini. Hawakusema mapafu, wala figo, wala utumbo. Walichagua ini, na kila asikiaye usemi huo huelewa mara moja kwamba jeraha linalotajwa ni la ndani kabisa, lisilofikiwa na kitambaa wala malhamu. Usemi huu ni wa huzuni, haukutungwa kwa ajili ya matabibu. Hata hivyo, kwa karne nyingi ulikuwa kweli tupu katika chumba cha mgonjwa pia. Mtu aliyekatwa ini kwa kisu, kwa mkuki au kwa risasi mara nyingi alivuja damu hadi akafa, na ilikuwa shida kumpata tabibu aliyethubutu kulikata kwa kusudi la kuponya. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyokuja kuwezekana, ni nani walioliwezesha, na kwa nini kisu, baada ya ushindi wake wote, hakikuwa jibu kubwa la saratani ya ini. Itaonekana pia kwamba sehemu kubwa ya elimu hii haikuzaliwa katika miji mikuu ya elimu peke yake, bali mahali yalipo maradhi yenyewe.

Yafaa kwanza tukijue kiungo tunachokizungumza. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo hukaa chini ya mbavu za upande wa kulia. Viungo vingi hupokea damu kwa njia moja. Ini hupokea kwa njia mbili. Mshipa mmoja huleta damu kutoka moyoni, na wa pili, ulio mkubwa zaidi, huleta damu iliyokwisha kupita katika utumbo, ikiwa imebeba chakula na mara nyingine sumu. Damu ipitayo humo kwa dakika moja hukaribia lita moja na nusu. Ini huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo, huvunja sumu, na hutengeneza zile protini zinazoifanya damu igande mtu anapojikata. Basi tazama ugumu wake: kiungo chenye wingi wa damu kuliko karibu vyote ndicho kinachotengeneza kizuizi cha damu, na ukikiharibu hiki umeharibu na kile. Nyama yake nayo ni laini. Uzi wa kushonea huipasua kama ukipita katika jibini.

Wayunani wa kale walisimulia habari za Prometheus, aliyefungwa mwambani, tai akimla ini kila mchana nalo likimea tena kila usiku. Wako wanaosema kwamba hadithi hiyo yathibitisha kuwa Wayunani walijua siri ya ini kujijenga upya. Mimi sioni uthibitisho humo. Hadithi yahitaji adhabu isiyokwisha, na adhabu isiyokwisha yahitaji kiungo kisichokwisha. Wataalamu wenyewe walichelewa sana. Galen alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, na fundisho lake lilitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja mia tatu, hata William Harvey alipoonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka. Mwaka 1654 Mwingereza Francis Glisson alitoa kitabu kizima juu ya ini, akaeleza ala inayoifunika mishipa yake inapoingia ndani. Ramani ilikuwa imeanza kuchorwa, lakini msafiri hakuwapo.

Msafiri alipatikana baada ya kuvumbuliwa dawa ya usingizi na njia za kuzuia vijidudu katika vidonda. Mwaka 1888 Carl Langenbuch, mpasuaji wa Berlin, alitoa taarifa ya jinsi alivyokata kwa kukusudia kipande cha pande la kushoto la ini la mwanamke mmoja. Kabla siku haijakwisha ilimbidi afungue tumbo mara ya pili kwa sababu damu ilikuwa ikivuja, mgonjwa alipona. Mwaka 1891 Mjerumani mwingine, Lücke, alieleza jinsi alivyotoa uvimbe wa saratani. William Keen wa Philadelphia alipokusanya habari za upasuaji wa namna hiyo mwaka 1899, alipata visa 76 tu katika maandiko ya ulimwengu mzima. Hayo yalikuwa majaribio ya watu hodari waliokata pembeni, pale uvimbe ulipojitokeza, wakiomba damu isiwashinde.

Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow aliandika juu ya watu walioletwa hospitalini ini likiwa limepasuka kwa ajali. Aligundua kwamba mpasuaji aweza kulibana kwa vidole viwili lile fungu la mishipa liingialo katika ini, na damu ikapungua kwa muda, kama mtu akanyagaye mpira wa maji bustanini. Wagonjwa wale aliowapasua hawakupona. Hata hivyo aliandika yote, mema na mabaya, akaongeza majaribio aliyofanya kwa sungura. Jina lake limebaki katika njia hiyo hata leo. Mwanafunzi na azingatie jambo hili: makala iliyojaa vifo imeokoa watu wengi kuliko makala nyingi zilizojaa sifa, kwa sababu mwandishi wake hakuficha.

Lakini kuzuia damu hakutoshi kama mpasuaji hajui akate wapi. Kwa macho, ini laonekana kuwa na pande kubwa la kulia na pande dogo la kushoto, na kati yao upo utando ulio wazi kabisa. Kila mtu aliufuata utando huo. James Cantlie, Mskoti aliyefundisha utabibu Hong Kong na ambaye miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sun Yat-sen, aliona katika maiti mmoja ini ambalo upande wake wa kulia ulikuwa umesinyaa na wa kushoto umekua, na mpaka kati ya pande hizo haukuwa kwenye ule utando. Mwaka 1897 alieleza kwamba mpaka wa kweli hupita penginepo, kutoka kwenye mfuko wa nyongo kuelekea nyuma kwenye mshipa mkuu. Kilichogawanya ini hakikuwa sura yake ya nje, bali njia za damu zilizo ndani. Wasomaji wa siku zile walilitazama jambo hili kama udadisi wa maiti, wakaliacha.

Sasa tufike Hanoi, kwa kuwa huko ndiko historia hii ilikofundisha somo lake kubwa. Tôn Thất Tùng alizaliwa mwaka 1912 katika ukoo wa kifalme wa Vietnam, wakati nchi yake ikitawaliwa na Wafaransa. Alisoma utabibu Hanoi, katika chuo ambacho mwanafunzi wa nchi aliweza kufundishwa kazi lakini alizuiliwa kushindania nafasi za juu za mafunzo ya hospitali. Tùng alidai mlango huo ufunguliwe, naye akaupita. Katika chumba cha maiti alikuta ini ambalo mifereji yake ya nyongo ilikuwa imejaa minyoo, maradhi ya kawaida katika nchi maskini zenye joto. Mtu mwingine angalikunja uso na kulitupa. Yeye aliona kwamba mifereji iliyotanuka hivyo ilikuwa rahisi kufuatwa kuliko mifereji mizima. Akachukua chombo kidogo cha kukwangulia, akaanza kuondoa nyama ya ini polepole mpaka ikabaki mishipa mitupu, imetanda kama matawi ya mti uliopukutika majani. Katika muda wa miaka minne alifanya hivyo kwa maini zaidi ya 200.

Mwaka 1939 aliandika tasnifu yake juu ya mishipa ya ini na manufaa yake katika upasuaji, na mwaka huohuo yeye na mkuu wake, Meyer-May, wakatoa taarifa ya kulikata pande la kushoto kwa sababu ya saratani, wakifuata mipaka ya mishipa. Taarifa ilipofika Paris haikupata mapokezi ya heshima. Kisha vikaja vita. Tùng aliacha hospitali ya mji, akawafuata wapigania uhuru. Alifundisha utabibu msituni, na mwaka 1954 alitibu majeruhi wa Dien Bien Phu. Elimu ya ini ilikaa imelala katika daftari zake kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipoirudia, mwaka 1963, yeye na mwenzake waliandika katika jarida la The Lancet la London kurasa mbili tu za kueleza njia mpya. Mpasuaji abane fungu la mishipa kwa muda mfupi. Aifuate mipaka ya kweli. Aivunje nyama ya ini kwa vidole badala ya kuikata kwa kisu. Nyama laini husagika, mishipa hustahimili. Kila mshipa ukijitokeza, hufungwa uzi ndipo ukatwe. Kazi iliyochukua saa nyingi kwa wengine aliimaliza kwa dakika chache.

Je, Tùng ndiye aliyekuwa wa kwanza? Historia ya sayansi hupenda mtu mmoja na siku moja, lakini mara chache hupata vyote viwili. Mwezi wa Machi mwaka 1949, Honjo Ichio alilitoa pande lote la kulia la ini huko Kyoto. Aliandika habari hiyo kwa Kijapani mwaka 1950, na kwa Kiingereza mwaka 1955 tu. Katikati ya tarehe hizo, Jean-Louis Lortat-Jacob na mwenzake walitoa Paris mwaka 1952 taarifa ya upasuaji kama huo, na kwa miaka mingi vitabu vikampa yeye utangulizi. Lin Tien-Yu wa Taiwan naye alitangaza mwaka 1958 njia ya kuvunja ini kwa vidole. Claude Couinaud, Mfaransa, ndiye aliyeikamilisha ramani: katika maandiko yake ya mwaka 1954 na kitabu chake cha mwaka 1957 aliligawa ini katika sehemu nane, kila moja ikiwa na njia yake ya damu na ya nyongo, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika ulimwenguni leo. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kumvua mmoja kilemba ili kumvika mwingine. La kukumbukwa ni kwamba kazi iliyoandikwa kwa lugha isiyosomwa na wakubwa, au iliyotoka katika mji usiotazamiwa, ilihesabiwa kana kwamba haikufanywa. Uzembe huo wa kusoma una gharama, na mlipaji wake ni mgonjwa.

Ramani haikuondoa hatari mara moja. Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 1977 juu ya wagonjwa 621 ilionyesha kwamba 13 katika kila 100 walikufa kwa upasuaji huo, na pande kubwa lilipotolewa walikufa zaidi ya 20. Picha za mawimbi ya sauti, ambazo Makuuchi Masatoshi wa Japani alizitumia ndani ya chumba cha upasuaji, pamoja na uangalizi bora wa dawa ya usingizi, zilishusha vifo hivyo chini sana katika hospitali zenye ujuzi. Maumbile nayo yalisaidia. Higgins na Anderson walikuwa wameonyesha mwaka 1931 kwamba panya aliyeondolewa theluthi mbili za ini huurudisha uzito wake wa awali katika muda mfupi. Pande lililokatwa halimei tena. Lililobaki ndilo hukua hadi litoshe. Ndiyo maana mzazi aweza kumpa mtoto wake kipande cha ini, na wote wawili wakaishi.

Kuhusu kupandikiza ini, Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza Denver mwaka 1963. Mgonjwa, mtoto mdogo, alikufa mezani. Mwaka 1967 mtoto mwingine, aliyekuwa na saratani ya ini, aliishi zaidi ya mwaka mmoja kwa ini la kupewa, lakini saratani ilimrudia. Tukio hilo lilikuwa onyo: kubadili ini si kubadili maradhi kama mbegu zake zimekwisha kutawanyika mwilini. Mwaka 1996 wapasuaji wa Milan walionyesha kwamba wagonjwa wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu wa sentimita 3 kila mmoja, ndio wanaofaidika. Katika kundi lao robo tatu walikuwa hai baada ya miaka minne. Hivyo mafanikio yalipatikana kwa kujua ni nani asipasuliwe.

Hapo ndipo penye kiini cha makala hii. Wengi wa wagonjwa wa saratani ya ini hufika hospitali wakati kisu hakifai tena. Uvimbe hukua kimya, na mara nyingi hukua katika ini lililokwisha kujaa makovu, lisiloweza kukatwa wala kukua upya. Kwa hiyo swali lililo kubwa kuliko namna ya kulitoa pande la ini ni lile la kwa nini ini liliugua. Jibu la kwanza lilitokea mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake waliandika juu ya kitu cha ajabu walichokiona katika damu ya mwenyeji mmoja wa Australia. Baadaye kikajulikana kuwa ni ganda la virusi vya homa ya ini aina ya B. Kisha Palmer Beasley na wenzake wakafuatilia wanaume 22,707 huko Taiwan. Taarifa yao ya mwaka 1981 ilisema kwamba 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na katika hao, 40 walikuwa na virusi hivyo tangu mwanzo. Ni nadra kwa hesabu kusema waziwazi namna hiyo.

Mwaka 1984 Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kutoka 0.70 katika kila 100,000 hadi 0.36 ilipofika miaka ya 1990 hadi 1994. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanadamu kuona saratani ikipunguzwa kwa chanjo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1992 kwamba chanjo hiyo itolewe katika nchi zote, na mwaka 2009 likaongeza kwamba mtoto apewe ya kwanza katika saa 24 baada ya kuzaliwa. Mkunga mwenye sindano moja humkinga mtu na jambo ambalo wapasuaji kumi, miaka arobaini baadaye, huenda wasiliweze. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ini haujengwi kwa saruji.

Jibu la pili latugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na karanga kutoka Uganda zikawa miongoni mwa zilizochunguzwa. Ilionekana kwamba kuvu huota katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kuvu hilo hutoa sumu inayoharibu ini. Leo twaiita sumukuvu. Mwaka 1971 watafiti waliokuwa Uganda walionyesha kwamba chakula chenye sumu hiyo na saratani ya ini huandamana. Mwaka 1973 Peers na Linsell walitoa matokeo ya kazi yao ya Murang'a, Kenya, walikopima chakula kilicho tayari kuliwa, katika nyanda za juu, za kati na za chini; sumu ilipozidi, saratani nayo ilizidi. Mwaka 1994 utafiti wa Shanghai uliunganisha majibu yote mawili: sumu peke yake iliongeza hatari zaidi ya mara 3, virusi peke yake mara 7, na viwili hivyo vikikutana katika mwili mmoja, karibu mara 60.

Hizi si habari za vitabuni tu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki ya Kenya kwa mahindi yenye sumukuvu, wakafa 125. Mwaka 2016 katika mikoa ya kati ya Tanzania, hasa Dodoma na Manyara, waliugua 68 na 20 wakafa. Hao walikufa kwa sumu nyingi ya mara moja. Wale wanaoila kidogo kidogo kwa miaka, hakuna anayewaandika katika daftari ya msiba huo.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi huliulizia sana, nalo ni seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi yake mwilini. Tumaini lilipanda mwaka 1999 na 2000, ilipotangazwa kwamba seli za uboho wa mifupa zaweza kugeuka kuwa seli za ini katika panya. Mwaka 2003 makundi mawili yalionyesha kwamba, katika panya wale, seli za uboho zilikuwa zimeungana na seli za ini zilizokuwapo, hazikugeuka. Mwaka 2006 Yamanaka Shinya wa Kyoto alifaulu kuirudisha seli ya ngozi ya panya katika hali ya uchanga, na mwaka 2013 Takebe na wenzake wa Yokohama walitumia seli za namna hiyo, za binadamu, kutengeneza vichipukizi vya ini vilivyofanya kazi ndani ya panya. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mwaka 2018, wagonjwa 81 wa Uingereza wenye ini lililojaa makovu walipojaribiwa kwa dawa ya kuamsha seli za uboho, na wengine wakatiwa seli zenyewe, hawakupata nafuu kuliko wale waliopewa matibabu ya kawaida. Basi anayemuuzia mgonjwa sindano ya seli shina kama dawa iliyothibitishwa ya saratani ya ini humuuzia jambo ambalo sayansi haijalitoa. Kumnyima mgonjwa tumaini ni ukatili. Kumuuzia tumaini la uongo kwa bei ya shamba lake ni wizi.

Tukiyapima yote haya twaona kwamba ini lilikubali kukatwa baada ya watu kukubali kulisoma. Cantlie alisoma maiti, Tùng alisoma minyoo, Pringle alisoma vifo vya wagonjwa wake mwenyewe, Linsell na mwenziwe wakasoma sahani za wakulima. Hakuna katika hao aliyeanza kwa chombo cha thamani kubwa. Mwanafunzi wa chuo chetu asiye na maabara ya Yokohama anayo maghala ya mahindi ya Dodoma na Makueni, anazo kliniki za wajawazito, na anayo lugha ambayo mkulima na mkunga huielewa. Kazi iliyobaki katika maghala na kliniki hizo si ndogo kuliko ile iliyofanyika Hanoi. Na atakayeifanya aiandike, hata kama matokeo yake hayakumpendeza, na aiandike pia kwa Kiswahili, ili mkunga na mkulima waweze kumsahihisha.